Shule ya wanafunzi 180: hesabu walimu kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu amemaliza darasa la saba, amefaulu na amepangiwa shule ya kata hapa Makambako. Lakini alifanya pia usaili kwenye seminari ndogo ya Kilutheri wilaya ya jirani, na wamemkubali. Ni ya bweni, mchanganyiko, ina wanafunzi 180 tu kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Ada ni milioni moja na laki sita kwa mwaka. Mimi nimekulia KKKT, baba yake ni Mkatoliki. Anasema shule hiyo haina jina, mtoto atafundishwa nyimbo na kulima, na binti mwenyewe anataka udaktari. Mimi nimependa utulivu wao. Je, udogo wa shule ni hatari? Na hizo programu zao za ibada, kwaya, shamba na ufadhili zina maana yoyote kwenye masomo? La mwisho, fomu ya kujiunga inasema aende na tranka la bati. Kwani begi lina shida gani? (Mama wa Makambako)

JIBU: Marahaba, mama. Nitayajibu yote, tranka likiwemo, ila si kwa mpangilio uliouleta. Nilikuwa mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo na ratiba, wa shule ndogo ya kanisa kwa miaka kumi na moja, baadaye nikawa mthibiti ubora wa shule hadi nilipostaafu. Kwa hiyo shule za namna hiyo nimeishi ndani yake, kisha nikaja kuzikagua kutokea nje, na macho ya ndani na ya nje hayaoni kitu kimoja.

Tuanze na neno seminari, maana nahisi ndilo linalomtia shaka baba yake. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule za makanisa. Ilboru ya Arusha, ambayo watu wengi wanaijua kama shule ya Serikali ya vipaji, ilianza kama shule ya Walutheri. Seminari ziliachwa mikononi mwa makanisa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ni za kuandaa watumishi. Hapo ndipo jina lilipopata umaarufu, na hadi leo shule nyingi za sekondari za makanisa zinaitwa seminari ingawa wanaomaliza pale wanakwenda uhandisi, unesi, uhasibu na kwingineko. Wanaoishia uchungaji wapo, wachache. Mtihani wao ni wa NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, uleule atakaoufanya mtoto wa shule ya kata.

Sasa udogo. Watu wakisikia shule ndogo wanafikiria darasa dogo, na wanafurahi. Mimi nikisikia shule ndogo nafikiria vipindi.

Chukua Fizikia. Shule yenu ina wanafunzi 180, yaani kila kidato ni kama watoto 45, mkondo mmoja. Tuseme Fizikia ina vipindi vinne kwa wiki kila kidato. Vidato vinne ni vipindi 16. Mwalimu mmoja anabeba vipindi 16 na bado anapata muda wa kusahihisha madaftari na kunywa chai, kwa hiyo hakuna mkuu wa shule atakayeajiri wa pili. Kemia hali ni hiyohiyo, Baiolojia pia. Maana yake Fizikia yote ya shule nzima imekaa kwenye kichwa cha mtu mmoja. Akiwa hodari, binti yako atafundishwa na mtu huyohuyo hodari kwa miaka minne mfululizo, atamjua kwa mwandiko, atajua anapokosea hata kabla hajakosea. Bahati ya namna hiyo shule kubwa haina. Akiondoka, Fizikia imeondoka naye.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu liliniangukia mimi. Mwaka mmoja, mwezi wa tano, mwalimu wetu wa Fizikia alipata ajira serikalini. Jina lilitoka Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi kitanda chake kilikuwa mbao tupu. Simlaumu, alikuwa na mke, mtoto mmoja na mishahara ya miezi miwili aliyokuwa anatudai. Kidato cha nne walikuwa 19. Nikamsogeza mwalimu wa Hisabati abebe na Fizikia, kijana mwenye moyo, ila sura ya umeme mara ya mwisho aliisoma akiwa mwanafunzi. Usiku anaisoma, asubuhi anaifundisha. Matokeo yalipotoka, waliopata C ya Fizikia walikuwa wawili. Kulikuwa na msichana mwenye B ya Kemia na B ya Baiolojia, Fizikia D. PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wa kidato cha tano, ikampita hivihivi. Mpaka leo nikikutana na mama yake sokoni huwa najifanya nachagua nyanya.

Kwa nini walimu wanaondoka kwenye shule hizi? Piga hesabu nami, ya makadirio tu, kwa ada uliyonitajia. Wanafunzi 180 mara milioni 1.6 ni milioni 288. Zinasikika nyingi. Walimu 14 ukiwalipa laki sita kila mmoja kwa mwezi, mwaka umemeza milioni 100.8. Wapishi, walinzi, matroni na mhasibu, tuseme watu tisa kwa laki tatu, ni milioni 32.4. Chakula, ukikadiria shilingi 2,000 kwa mtoto kwa siku kwa siku 240 za bweni, ni milioni 86.4. Mpaka hapo zimebaki milioni 68.4. Lakini hakuna shule ninayoijua ambayo kila mzazi amemaliza ada. Ikiwa watoto 30 hawajalipa, toa milioni 48. Mchango wa mwajiri NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia kumi ya mishahara ile, ni kama milioni 13.3. Zinabaki milioni 7 za umeme, kuni, kemikali za maabara, vitabu, bati lililoezuliwa na upepo na gari la kupeleka mgonjwa hospitali. Ndiyo maana mwezi wa pili na wa tatu mishahara inachelewa, na mwalimu wa Fizikia anashinda kwenye simu akifuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira.

Kwa hiyo ukienda kuitembelea shule, na uende, siku ya masomo, si siku ya mahafali wakati kila kitu kimepakwa chokaa, nenda moja kwa moja kwenye ratiba kuu. Ipo ukutani ofisi ya walimu au kwa mtaaluma. Kwenye kila kipindi kuna herufi mbili tatu za jina la mwalimu. Tafuta herufi zilizo kwenye Fizikia, Kemia, Baiolojia na Hisabati. Kisha uliza kwa upole: huyu mwalimu yupo hapa tangu lini? Kabla yake alikuwepo nani, na huyo alikaa muda gani? Mkuu wa shule mwenye cha kujivunia atakujibu bila kumeza mate. Uliza pia kama michango ya NSSF ya walimu inapelekwa. Swali hilo litamshangaza kidogo kutoka kwa mzazi, lakini mwalimu ambaye michango yake haipelekwi amekaa mguu nje mguu ndani.

Halafu uliza shule ni mali ya nani hasa. Hapa kuna jambo ambalo hata Walutheri wengi hawalifikirii. KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilizaliwa Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, na tabia hiyo ya kila upande kujitegemea haijaisha: kila dayosisi ina bajeti yake, shule zake na katibu wake wa elimu. Ikiwa shule ni ya dayosisi yenye sekondari nyingine tatu au nne, mwalimu wa Fizikia akiondoka, katibu wa elimu anaweza kuazima mwingine shule ya pili ndani ya wiki mbili. Ikiwa ni ya usharika mmoja, au imeanzishwa na watu wachache kwa jina la kanisa, hakuna pa kuazima. Uliza hivi: mwalimu wa somo akikosekana, huwa mnafanyaje? Kisha nyamaza usikilize.

Kuhusu kutokuwa na jina, mwambie baba yake kwamba NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, hivyo hata zenye jina kubwa sasa zinajitangaza zenyewe. Matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya Baraza, kwa namba ya kituo. Ila shule ndogo husomwa tofauti. Ikiwa na watahiniwa 22, mtoto mmoja ni asilimia nne na nusu. Watoto wawili wakiugua malaria wiki ya mtihani, shule imeporomoka. Darasa moja likiwa na vichwa vinne vikali, shule imepaa. Mwaka mmoja haukuambii kitu. Chukua miaka mitano, jumlisha wote waliofanya mtihani, jumlisha daraja la kwanza na la pili, ndipo useme.

Na kuna ujanja mmoja niliujifunza ukaguzini. Fungua matokeo ya kidato cha pili ya mwaka fulani, hesabu watoto. Kisha fungua ya kidato cha nne miaka miwili mbele, hesabu tena. Ukikuta walikuwa 41 wakabaki 22, jiulize hao 19 walikwenda wapi. Wengine wamehama kwa ada, wengine wazazi wamehamishwa kikazi, sawa. Lakini zipo shule zinazoweka wastani wake wa kuvuka na kumwonyesha mlango asiyeufikia, ili kidato cha nne wabaki wa kupamba matokeo. Serikali imelikemea hilo mara nyingi na bado linafanyika kwa lugha laini, mzazi anashauriwa amtafutie mtoto shule itakayomfaa. Shule ya kanisa inayofanya hivyo huku ikiimba habari za kondoo mmoja aliyepotea, mimi huwa naikasirikia mara mbili.

Jambo jingine linalowapita wazazi wengi ni somo la dini. Huko binti atasoma Maarifa ya Biblia na atalifanyia mtihani wa kidato cha nne. Linahesabiwa kwenye masomo saba yanayotoa daraja, na watoto wa seminari hulifaulu vizuri, kwa hiyo linapandisha daraja. Lakini Serikali inapochagua wa kidato cha tano inataka alama ya A, B au C kwenye masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini. Nimewaona wazazi wanashangilia daraja la pili, kisha Juni jina la mtoto halimo. Unapoyasoma matokeo ya shule hiyo, usiishie kwenye daraja. Shuka mpaka kwenye orodha ya watahiniwa na uangalie C za Fizikia, Kemia na Baiolojia ni ngapi. Kwa anayetaka udaktari, hizo ndizo zinazonena. Na kwa kuwa mtaala mpya umegawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, hakikisha shule inatoa mkondo wa jumla wenye sayansi zote tatu. Usije ukakuta wamechagua amali ya kilimo kwa sababu wana shamba.

Ukimaliza ratiba, omba ufunguliwe maabara. Usiangalie meza, angalia bureti. Ni ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini. Igeuze koki kwa vidole. Ikiwa imeganda, juu kuna vumbi na pembeni kuna utando wa buibui, hata kama maabara imepakwa rangi mpya, huwa inafunguliwa wiki ya mtihani tu. Ikizunguka laini, uliza zipo ngapi. Hapo ndipo shule ndogo inapoweza kuishinda kubwa kwa mbali. Wenye bureti 15 na watoto 45 wanaingia kwa zamu tatu na kila mtoto anaishika mwenyewe: mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unaitikisa chupa polepole, tone, tone, tone, mpaka tone moja linabadilisha rangi yote na mtoto anapiga kelele. Kwenye darasa la watoto 90 wanne wanashika, waliobaki wanachungulia begani. Mtoto aliyechungulia kwa miaka minne anakuja kuijua bureti siku ya mtihani.

Kuhusu lugha nitasema kidogo, ingawa kwa binti aliyesoma darasa la saba kwa Kiswahili ndiyo mlima wa mwaka wa kwanza. Kule Monduli ipo Maasae Girls, sekondari ya wasichana ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1995 kwa ajili ya mabinti wa jamii za wafugaji. Wao waliona mapema kwamba msichana akitupwa moja kwa moja kwenye Kiingereza atazama, wakaweka mwaka mzima wa maandalizi kabla ya kidato cha kwanza. Shule nyingi haziwezi mwaka mzima, hufanya wiki kadhaa. Uliza yenu inafanya nini. Na ukimwona mtoto amevalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili, mimi ningehesabu hilo kama alama mbaya. Kibao kinamfundisha mtoto kunyamaza kwa lugha zote mbili.

Sasa programu, ambazo baba yake anaziita nyimbo na kulima.

Ibada. Shule za Kilutheri zina sala ya asubuhi kabla ya vipindi: wimbo, somo, neno fupi, sala. Kwenye nyingi nilizozijua anayeongoza ni mwanafunzi kwa zamu. Piga hesabu tena: mwaka wa masomo una siku 194, shule ina watoto 180. Kila mtoto anasimama mbele ya shule nzima angalau mara moja kwa mwaka, apende asipende. Wa kidato cha kwanza anasimama magoti yakigongana, anasoma mistari sita na kukaa chini. Mwaka wa nne huyohuyo anazungumza dakika tano bila karatasi. Nimekaa kwenye kamati za usaili wa kazi. Hutofautishi aliyepata daraja la kwanza na la pili kwa kumwangalia, lakini aliyewahi kusimama mbele ya watu unamjua anapovuta kiti. Kwenye shule ya watoto 900 kiongozi wa sala huwa ni mmoja wa walewale kumi wenye sauti nzuri.

Katekisimu je? Martin Luther aliandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, na muundo wake ni huu: kila amri, kila kifungu cha imani, kinafuatwa na swali, maana yake ni nini? Mtoto anakariri, halafu analazimika kueleza. Walimu wa dini wavivu hukaririsha na maelezo yenyewe, hapo faida inakufa. Lakini nimemwona mchungaji wa shule akimuuliza mtoto maana yake ni nini kwa maneno yako mwenyewe, na akasubiri. Mtoto akizoea swali hilo kwenye dini atalipeleka kwenye kanuni ya Ohm ya somo la Fizikia.

Kwa upande wa baba yake, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kule Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, juu ya fundisho la kuhesabiwa haki, lilelile lililowatenganisha tangu enzi za Luther. Kwa hiyo wakubwa wameshasalimiana. Ya nyumbani ni madogo zaidi na yanataka kuulizwa kabla ya kulipa ada: Jumapili wanafunzi Wakatoliki wanaruhusiwa kwenda misa parokiani, na nani anawasindikiza? Je, mtoto atapelekwa darasa la kipaimara bila ninyi kuulizwa? Kipaimara kina jina moja pande zote mbili lakini hakitolewi kwa utaratibu mmoja, na nimeona ndoa ikitikisika kwa sababu mtoto alirudi likizo amepata cha upande wa mama. Ombeni jibu kwa maandishi. Shule inayowaheshimu wazazi haitanuna.

Kwaya sina haja ya kuitetea sana. Isipokuwa uliza mazoezi ni saa ngapi. Saa moja baada ya michezo, vizuri. Kwaya inayosafiri kila Jumapili kutafuta michango ya ujenzi wa bweni, hapo mtoto ameshakuwa mkusanya sadaka.

Shamba ndilo la kuchunguza. Huko kwenu sasa kila mtu anapanda parachichi, na shule nazo zimeingia. Si vibaya, mahindi na maharage ya shule yamewahi kuniokoa mimi na mpishi wangu mwaka ambao ada haikuingia. Tofauti kati ya programu na kibarua iko kwenye daftari. Uliza kama wanafunzi wana daftari la shamba: mbolea iliingia mifuko mingapi, kwa bei gani, yalitoka magunia mangapi, yaliuzwaje. Nilikuta shule moja watoto wa kidato cha tatu wanagombana juu ya gharama ya dawa ya viwavijeshi kama wafanyabiashara, na somo lao la Biashara lilikuwa limepata miguu. Shule nyingine palizi ilikuwa ni adhabu ya waliochelewa, na ilianguka saa nne asubuhi wakati wenzao wako kwenye Kemia. Ya kwanza mpeleke. Ya pili, hapana.

Ufadhili unataka macho mawili. Shule na dayosisi nyingi za Kilutheri zina marafiki Marekani na Ulaya. Unaojulikana zaidi ukanda wenu ni Bega kwa Bega, ushirika wa Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, ulioanza mwaka 1987 na ambao umesomesha watoto wengi wa sekondari. Uhusiano na wageni ni wa zamani huko nyanda za juu. Kilolo kuna kijiji kinaitwa Pommern hadi leo, jina lililoachwa na wamisionari wa Kijerumani, na wenyeji wanalitamka kama lao kabisa. Binti yako pengine hataingia kwenye ufadhili kwa kuwa mnalipa, lakini unamhusu hivi: watoto wanaofadhiliwa mara nyingi ndio ambao ada yao inaingia kwa wakati, kwa hiyo ndio wanaolipa mshahara wa yule mwalimu wa Fizikia. Uliza wako wangapi kati ya 180. Wakiwa 30, ni neema. Wakiwa 120, shule imesimama kwa mguu ulioko ng'ambo, na wafadhili wakizeeka au wakibadilisha nia, mtatikisika wote. Angalia pia wanavyotendewa. Mtoto anayeitwa kupigwa picha kila mgeni anapokuja, mwenzake asiyeitwa anamtazama kwa jicho jingine, na bweni linagawanyika.

Ubaya wa shule ndogo ambao hauandikwi kwenye fomu ni kwamba hakuna pa kujificha. Kwenye shule ya watoto 900 ukigombana na rafiki unabadilisha meza. Kwa watoto 180, na labda nusu yao ni wasichana, mnalala chumba kimoja, mnaimba kwaya moja, mnapanga foleni moja ya ugali. Uvumi ukianza asubuhi, jioni mlinzi anao. Na mwalimu akimchukia mtoto, ni mwalimu huyohuyo wa somo hilo hadi kidato cha nne. Kwa hiyo waulize wasichana wenyewe, si mkuu wa shule: ukiwa na shida usiyotaka mkuu wala mchungaji aijue, unamwambia nani? Wakitaja mtu haraka, matroni, mwalimu wa malezi, muuguzi, jina moja hilohilo kutoka kwa wasichana watatu tofauti, mtoto wako yuko salama kuliko ukuta wowote. Wakitazamana, umeshapata jibu.

Michezo, usitegemee makubwa. Kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, hawatatoka na kombe. Ila netiboli inataka wasichana saba, na kwenye shule kama hiyo hata asiyejua kudaka atapangwa.

Nafasi ya shule ya kata usiidharau. Elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne serikalini haina ada tangu 2016, na zipo shule za kata zenye walimu wanne wa sayansi na maabara mpya. Ningekushauri uzitembelee zote mbili wiki moja, kwa maswali yaleyale. Ukikuta seminari ina mwalimu wa Fizikia aliyedumu miaka mitano na zaidi, bureti zinazozunguka na dayosisi yenye shule za kuazimana walimu, toa milioni moja na laki sita kwa moyo mweupe. Ukikuta mwalimu wa Fizikia ameripoti juzi, wa Kemia anajitolea na wa Hisabati ndiye pia mhasibu, mwache asome Makambako, na nusu ya hizo fedha zimtafutie mwalimu wa jioni. Baba yake atafurahi, nawe kwaya utamsikiliza Jumapili.

Na tranka. Panya hawatafuni bati, na begi halina kufuli la maana. Nunua lenye pembe zilizokunjwa, si zilizochongwa, maana zile zinachana sketi. Andika jina lake kwa rangi ndani ya kifuniko, nje litafutika kabla ya Pasaka. Funguo mbili: mmoja shingoni kwake, wa pili kwa matroni, kwa sababu ule wa shingoni utapotea.